Kaske moja, mikataba miwili: kuulizia kampuni kabla ya mahojiano ya kazi Lubumbashi

Mwaka jana, jioni moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshika mji, binti wa jirani yetu huku Katuba alibisha hodi na simu mkononi. Alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya kazi: mhasibu msaidizi, katika kampuni inayohudumia mgodi mmoja kwenye njia ya Kolwezi. Zilibaki siku tano. Alinionyesha ukurasa wa kampuni kwenye intaneti: wanaume wenye ovaroli za rangi ya chungwa wanacheka mbele ya lori ambalo gurudumu lake peke yake linawapita kimo, na chini yao maneno matatu, usalama, heshima, ubora. "Baba, baliandika beko jamaa moja," aliniambia, yaani familia moja. "Ni kweli? Mule ndani iko namna gani?"

Kabla sijafungua kinywa, mama yake alikuwa ameshafika mlangoni, mwiko wa bukari, ugali wetu, bado mkononi. "Unauliza nini tena? Miaka mitatu unakaa na diploma mu nyumba. Kazi njo kazi. Bakikupa, ingia."

Tangu siku ile nimekuwa nikiyapima maneno ya wawili hao. Nimeketi pande zote mbili za meza ya mahojiano. Niliomba kazi migodini kwa miaka mingi, kisha kwa miaka minne nikawa mmoja wa wale wanaosoma madosye, yaani majalada ya waombaji, na kuuliza maswali, katika kampuni ambayo sitaitaja. Mama ana hoja na binti ana hoja. Nianze na za mama, kwa sababu katika mashauri wanayopewa vijana huwa hazipewi nafasi.

Mama huyu alizaliwa katika kambi ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Wazee wetu walikuwa na msemo, "Union Minière njo baba, njo mama," na waliusema kwa dhati. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwanzoni mwa 1967 hadi ikaja kuitwa Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, ilimpa posho ya unga kwa ajili ya mke na watoto, ilijenga shule na hospitali. Nani angeulizia utamaduni wa kazi wa kampuni hiyo kabla ya kuingia? Mtoto wa kambini aliujua tangu anajifunza kutembea. Kisha yote yakaporomoka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka miaka iliyofuata, na mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa "départ volontaire", kuondoka kwa hiari. Aliyeona nyumba za kambi zikinyamaza namna ile, akimsikia mwanawe anasema "kwanza nichunguze kama kampuni inanifaa", anaogopa kwa ajili yake. Simlaumu hata kidogo.

Hoja yake ya pili ni kwamba maswali yana miguu, na ni kweli. Lubumbashi ni mji mkubwa, lakini ulimwengu wa migodi ni mdogo. Watu wa ofisi za wafanyakazi wanajuana, walisoma pamoja chuo kikuu, kule Kasapa, wanasali pamoja, wanahama kutoka kampuni moja hadi nyingine. Swali ulilomuuliza mlinzi wa lango asubuhi linaweza kufika kwa shefu kabla jua halijatua. Mimi mwenyewe niliona, mezani petu, dosye ya fundi mzuri wa umeme ikisukumwa chini ya rundo kwa sababu alianza na saa za ziada kabla hajaulizwa lolote. "Huyu ataleta sindika," mwenzangu alisema, yaani chama cha wafanyakazi. Nilinyamaza. Bado inaniuma.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote kwa upande wa mama, yeye mwenyewe hakuitaja, na ndiyo iliyoigharimu jamaa yangu. Habari za mtaani huzeeka bila kuonekana kwamba zimezeeka. Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliitwa na kampuni moja ya kusafirisha madini. Nilimwambia asiende. Nilikuwa nimesikia kwa watu watatu kwamba shefu wa gereji ya kule anatukana watu na anakata siku za mshahara kwa makosa madogo. Watu watatu, nikaona huo ni ushahidi. Baadaye nilikuja kujua kwamba wote watatu walisikia kwa mtu mmoja, na kwamba shefu yule alikuwa ameondoka zaidi ya mwaka. Nafasi ilichukuliwa na kijana mwingine wa mtaa wetu. Leo anasimamia zamu nzima. Mdogo wangu alikaa miezi 14 mingine bila kazi. Hajanilaumu hata siku moja, na sijui kama hilo linanisaidia.

Kuna uvumi mbaya kuliko huo. Ukiulizia kampuni fulani huku, mara nyingi jibu la kwanza halihusu kazi kabisa, linahusu kabila la mkubwa: "Mule iko ya batu ya fulani, weye hautapita." Mkoa huu ulipitia 1992 na 1993, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa majumbani na kazini Likasi na Kolwezi, familia nzima nzima zikilala stesheni kungoja treni. Baada ya hayo, neno kama hilo si la kulipitisha hivi hivi kutoka mdomo hadi mdomo. Upendeleo upo, nimeuona kwa macho yangu, siukani. Lakini aliyetoka kuulizia hali ya kazi akarudi na jina la kabila hajaleta habari ya kazi. Amebeba kidonda cha zamani na kukiingiza katika nyumba nyingine, na pengine amemzuia kijana asijaribu mlango uliokuwa wazi.

Pamoja na hayo yote, nilimwambia binti kwamba tutaulizia. Ila kampuni tutaiacha kando kwanza.

Vijana wanaojitayarisha kwa mahojiano huambiwa wachunguze utamaduni wa kampuni: wasome ukurasa wake, wasome maoni ya waliofanya kazi kule. Ushauri huo umetoka mbali. Tovuti kama Glassdoor, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007, hukusanya maoni ya wafanyakazi wasiotaja majina, na mahali ambapo kampuni ina maelfu ya watu, anayesema anaweza kujificha ndani ya wingi. Hata huko, mwenye hasira huwahi kuandika kuliko aliyeridhika. Kwetu, katika ofisi ya hesabu yenye watu sita, maoni yasiyo na jina yatajulikana ni ya nani kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo hakuna anayeandika. Ukitafuta jina la mkandarasi wa Lubumbashi kwenye intaneti, utapata namba ya simu, picha ya lori, na pengine tangazo la kazi la miaka miwili iliyopita.

Na hata maoni hayo yangekuwepo, yangejibu swali lisilo letu, kwa sababu yanachukulia kwamba watu wanaopita lango moja wanaishi maisha mamoja ya kazi. Migodini si hivyo. Ndani ya uzio mmoja kuna kampuni mama, yenye kibali cha mgodi, na kuna kampuni nyingi za sutretansi, yaani wakandarasi waliokabidhiwa vipande vya kazi: huyu anaendesha malori, yule anapika, mwingine analinda, mwingine anakodisha watu tu. Novemba 2021 shirika la RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi walitoa uchunguzi wao juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti. Walikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wako chini ya wakandarasi. Hao wanavaa kofia ngumu ileile, kaske yenye nembo ileile, wanafuata kanuni zilezile za usalama, lakini mkataba wao umeandikwa jina lingine juu. Jina hilo ndilo linaloamua mtu atakula nini saa sita, akiugua atapelekwa wapi, atalipwa lini, na shefu akimtukana atalalamika kwa nani. Utamaduni wa kazi huku kwetu unakaa katika mkataba. Anayesema "niliulizia mgodi ule, ni mzuri" bila kujua atasaini karatasi ya nani, anasifu chakula ambacho huenda hatapewa.

Ijumaa tulienda wote wawili barabara ya Likasi, mahali mabasi ya migodi yanaposhusha watu wa mapumziko. Tulinunua karanga tukakaa kwenye benchi la kijana anayeuza iniite za simu, yaani muda wa maongezi. Saa kumi na mbili hivi lilifika basi la kwanza, refu, lenye vioo vya giza. Walioshuka walikuwa na baji za kijani shingoni na mabegi ya magurudumu. Baada ya karibu saa nzima likafika lingine, dogo, dirisha moja limefungwa kwa kamba, na baji za walioshuka humo zilikuwa za njano. Mmoja wao, mwanamume wa makamo, alikuja kununua iniite, kaske imening'inia kwenye mkoba. Binti alisimama akamsalimu, "Jambo yenu, baba," akamweleza wazi kwamba ameitwa kwenye mahojiano na angependa kusikia hali ya kule.

Yule baba alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Utaingia kwa nani? Kwa benyewe ao kwa sutretansi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Hakuuliza anafanya kazi gani wala ana diploma gani. Alipojua, alitoa simu, akafungua picha ya hati yake ya malipo, akaweka kidole gumba juu ya jina lake lisisomeke, na kumwonyesha mistari miwili. Mmoja ulikuwa wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ile 5% ya mshahara ambayo kila mfanyakazi hukatwa kwa ajili ya uzee wake. "Hapa banakata. Lakini uende ku CNSS yenyewe, uone kama inafika." Mwingine ulikuwa tarehe. Mshahara wa mwezi wa tano ulikuwa umeingia benki katikati ya mwezi wa sita. "Bale ba kijani, tarehe makumi mbili na tano beko na franka. Siye tunangojea." Alisema bila uchungu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Kisha binti akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria. "Na shefu wa biro ya hesabu, anakaa? Ao banabadilisha kila mara?"

Yule baba alicheka kwa mara ya kwanza. Watatu walikuwa wamepita ndani ya miaka miwili.

Ilituchukua dakika kumi. Nililinganisha dakika hizo na wale watu wangu watatu wa gereji, na tofauti ilinigusa sana. Wale walinieleza tabia ya mtu ambaye hawakuwahi kufanya kazi chini yake. Huyu alieleza pesa yake mwenyewe, yenye tarehe, na binti aliiona kwa macho. Tangu siku ile, mtu akiniambia "kule ni kubaya", namuuliza: ni wewe uliyefanya kazi kule? Kwa karatasi ya nani? Uliondoka mwaka gani? Akishindwa maswali hayo, habari yake naiacha ipite, hata kama ameisimulia vizuri.

Inafaa nieleze kwa nini mishahara ya wakandarasi huchelewa, maana wengi hudhani ni uchoyo wa tajiri fulani na habari imeishia hapo. Mkandarasi hufanya kazi mwezi mzima, anapeleka ankara mgodini, ankara inazunguka ofisi kadhaa, na malipo yanatoka baada ya muda uliokubaliwa kati yao, au baada ya huo kupita. Mwenye akiba anawalipa watu wake kwa akiba yake huku akingoja. Asiye na akiba anangoja pamoja na watu wake. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilihifadhi kazi za sutretansi kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake iko mikononi mwa Wakongomani. Naiunga mkono kwa moyo wote. Miaka mingi tulikuwa wageni katika udongo wetu. Lakini kampuni changa ya Mkongomani mara nyingi ndiyo isiyo na akiba hiyo. Kwa hiyo "wanachelewesha mshahara" inaweza kuwa dhuluma, na inaweza kuwa kampuni ya ndugu yako inayohema. Kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba yote ni mamoja mwezi wa kwanza. Kufikia mwezi wa tatu si mamoja tena, kwa maana aliyebanwa huja kuwaeleza watu wake, naye mdhulumu huzima simu. Kwa hiyo swali jingine la kumuuliza aliye ndani ni hili: mshahara ukichelewa, nani huja kuwaambia?

Mwezi ule kulikuwa na jambo lingine pia. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilikuwa imesimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda. Ni Oktoba ndipo biashara ilipofunguliwa tena, kwa viwango. Kwa hiyo nilimwambia binti aulizie mgodi ule unaishi kwa kuuza nini zaidi, shaba au kobalti. Mgodi wa shaba ulikuwa unapumua. Uliotegemea kobalti ulikuwa na ghala limejaa, na mkandarasi wake ndiye angesikia baridi mapema. Hilo haliandikwi popote penye maneno usalama, heshima, ubora.

Kuna mengine hayahitaji kuulizwa mtaani, kwa kuwa sheria imekwisha kuyajibu, na inasikitisha kuona watu wenye diploma hawajui. Kodi ya Kazi, yaani sheria kuu ya kazi (Code du travail), ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mkataba uandikwe. Usipoandikwa, unachukuliwa kuwa wa muda usio na kikomo hadi ithibitishwe vingine. Muda wa majaribio hauwezi kuzidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine. Ukikutana na kampuni inayosema "kwetu majaribio ni mwaka mmoja", umeshaujua utamaduni wake bila kumsumbua mtu.

Kwa wanawake uzito wa mizani unabadilika kabisa, na hapa sitaki kusawazisha. Mwanamume akiingia pabaya anapoteza pesa na muda. Binti anaweza kuitwa "mahojiano ya pili" jioni, mahali pasipo ofisi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya unyanyasaji wa kijinsia inautaja unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai, lakini kabla ya sheria kufika, mwenye kujua ni mwanamke aliyepita ofisi ile. Kwa hiyo, nilipomaliza kuzungumza na yule baba wa basi, nilimwomba mke wangu amtafute kanisani mama mmoja aliyewahi kusafisha ofisi za mkandarasi yule. Walizungumza wao wawili na binti, mimi sikuwepo. Niliambiwa tu kwamba jibu lilikuwa zuri. Kama lingekuwa baya, ningesimama upande wa binti dhidi ya mama yake na dhidi ya njaa yote ya nyumba ile. Uchunguzi wa namna hii si anasa ya mtu aliyeshiba.

Mahojiano yalikuwa Jumatatu, kwa Kifaransa kama kawaida, watu watatu mezani. Tulikuwa tumeandaa maswali tisa. Tukayapunguza hadi mawili, na tukakubaliana ayashike hadi watakapomwambia "una swali?" La kwanza: mkataba atasaini na nani, na majaribio ni miezi mingapi? Ni swali la sheria, mtu hawezi kuliita uchokozi. La pili tulilivika nguo za kazi: hesabu ya mishahara inafungwa tarehe gani, na malipo yanatoka lini, ili ajue mwisho wa mwezi wake utakuwaje? Mhasibu anayeuliza hivyo anaonekana ameshaanza kazi kichwani mwake. Aliniambia baadaye kwamba yule aliyekaa katikati aliwatazama wenzake, kisha akajibu bila kuzunguka. Wanafunga tarehe 25, lakini pesa inatoka mteja akishalipa. Mkataba ni wa mkandarasi, mwaka mmoja, majaribio miezi 6.

Yaani waliokuwa mezani walimwambia kwa hiari yao kilekile tulichokifuata barabarani. Ningekuwa upande wa mama, hapa ningesema: mlipoteza Ijumaa nzima bure. Nimelifikiria sana hilo. Lakini binti asingejua kuliuliza swali lile kama hakuiona tarehe kwenye simu ya yule baba, na asingejua kwamba jibu alilopewa ni la kweli. Kupata jibu linalofanana sehemu mbili zisizojuana kulimpa kitu kingine pia: alijua kwamba huyu wa katikati hadanganyi. Katika ofisi iliyobadilisha wakubwa watatu, hiyo ilikuwa habari ya thamani. Nikamkumbuka tena fundi wangu wa umeme. Hakukosea kutaka kujua saa za ziada. Alikosea wakati wa kuuliza, na sisi tuliokaa mezani tulikosea kuliko yeye.

Kuna mtu mmoja ambaye kwake mama ana haki moja kwa moja, naye ni kijana anayesimama langoni saa kumi na moja alfajiri na wenzake mia, akingoja kuchaguliwa kubeba mifuko kwa siku moja. Hana siku tano, hana benchi la karanga, na akiuliza swali, kidole kinamruka na kumchagua wa nyuma yake. Kumhubiria achunguze mwajiri ni kumtukana. Ila hata yeye ana kitu kimoja cha kushika: ahesabu siku. Kodi ya Kazi inasema mtu wa kutwa akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Kuna wasimamizi wanaoijua hesabu hiyo vizuri sana, ndiyo maana wanabadilisha watu siku ya 20 au 21. Anayeulizia kazi za kutwa aulizie hilo kwanza: watu wa kule huwa wanafika siku ya 22?

Binti alipewa kazi, akaikubali. Mama yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Wiki iliyofuata wakagombana, maana mama alitaka kumwingiza mara moja katika likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ya akina mama wa mtaa, naye alikataa hadi mwezi wa nne. "Mama, franka yangu haina tarehe," alimwambia. Mwezi wa pili mshahara ulichelewa siku 19. Vijana wawili walioingia pamoja naye walikwenda kukopa kwa riba, kwa sababu walikuwa wamewaahidi wenye nyumba tarehe waliyoisoma kwenye matumaini yao. Yeye alikuwa amebakiza nusu ya mshahara wa kwanza kwenye bahasha. Tajiri wa kampuni alikuja mwenyewe ofisini, akasimama mlangoni, akaeleza ankara imekwama wapi.

Sasa ana daftari dogo la jalada la bluu, na ndani yake kuna safu mbili: mwezi, na tarehe pesa ilipoingia. Mtu wa mtaani akija kumuulizia kampuni yake, hasemi ni nzuri wala ni mbaya. Anafungua daftari. Mwezi wa nane, tarehe 12 ya mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa, tarehe 19 ya mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi, tarehe 8 ya mwezi wa kumi na moja. Wakimuuliza shefu wake ni mtu wa namna gani, anawaambia ana miezi mitano naye, na kwamba huyu bado yupo.